Hukumu ya Kidole Gumba: Mhadhara Kuhusu Weusi wa Oili Katika Injini za Dizeli

Kuna hukumu inayotolewa kila siku katika gereji za Thika, na haichukui hata dakika moja. Boneti inafunguliwa, kijiti cha kupimia oili kinachomolewa, kinapanguswa kwa kitambaa, kinarudishwa, kinachomolewa tena, kisha tone moja linasuguliwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Tone likiwa jeusi, kesi imekwisha: oili imeharibika, imwagwe. Na ikiwa ilimwagwa wiki iliyopita tu, hukumu huwa kali zaidi, kwa sababu sasa anatafutwa mshtakiwa. Ama duka liliuza oili bandia, ama fundi alificha ile mpya akarudisha ya zamani, ama injini yenyewe inaelekea kaburini. Hoja yangu leo ni kwamba kwa gari la dizeli hukumu hiyo mara nyingi imesimama juu ya ushahidi usiohusika. Weusi unatuambia kwamba oili imekutana na masizi na imeyabeba. Hautuambii kama bado ina nguvu ya kuendelea kuyabeba. Hayo ni maswali mawili tofauti, na gharama ya kuyachanganya hulipwa na mwenye gari na fundi mwaminifu, huku ikimnufaisha mtu mmoja ambaye hakuna aliyekusudia kumnufaisha. Nitamfikia.

Swali hili lina uzito wa pekee hapa Ngoingwa, Thika. Barabara ya Mang'u inapitisha karibu kila aina ya injini ya dizeli iliyopo nchini: matatu za abiria kumi na wanne zinazozunguka kati ya mitaa na mji wa Thika, pikapu za wenye maduka, malori yanayobeba mawe kutoka machimbo ya Ndarugo, matrekta ya mashamba, na magari binafsi yaliyonunuliwa yakiwa yametumika Japani, ambayo kisheria hayapaswi kuwa na umri wa zaidi ya miaka minane yanapoingia Kenya. Jirani mmoja ana gari la petroli, mwingine la dizeli. Yote mawili yanafanyiwa sevisi Jumamosi ileile, pengine na fundi yuleyule. Baada ya wiki mbili oili ya petroli ingali na rangi ya asali, ya dizeli imekuwa wino. Mwenye dizeli akijilinganisha na jirani yake, lazima aone amepunjwa. Kosa limo katika ulinganisho wenyewe, na ili tulione inabidi tuingie ndani ya silinda.

Katika injini ya petroli ya kawaida, mafuta na hewa huchanganyika kwanza, ndipo cheche inapopigwa. Kila tone la mafuta lina hewa yake karibu, kwa hiyo moto unapita kwa usafi wa kutosha. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inavuta hewa peke yake na kuibana hadi ibaki sehemu moja ya kumi na sita, au hata moja ya ishirini, ya ujazo wake wa mwanzo. Hewa hiyo inapita joto la nyuzi 500 za selsiasi, na hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli ndani, ikawaka yenyewe. Muda wa kuchanganyika haupo. Ukungu wa mafuta unawaka kwenye ukingo wake, pale unapogusana na hewa. Katikati joto ni kali lakini oksijeni ni haba. Mafuta yaliyonaswa hapo katikati hayaungui, yanapikwa. Molekuli zake zinavunjika, hidrojeni inajitenga, na kaboni inayobaki inashikana pete kwa pete hadi kuwa chembe ngumu nyeusi. Hayo ndiyo masizi. Sehemu kubwa ya masizi hayo huungua muda mfupi baadaye katika mpigo huohuo, hewa inapoyafikia. Yanayosalimika mengi hutoka na moshi. Kiasi kidogo tu huelekea upande mwingine, upande wa oili, na kiasi hicho kidogo kinatosha.

Njia yanayopitia ni ya kuvutia kuliko inavyodhaniwa. Wengi husema masizi hupenya kwenye ringi za pistoni pamoja na gesi iliyovuja, na kwamba injini ambayo ringi zake ni nzima haiwezi kuchafua oili. Gesi hiyo inachangia, lakini mchango wake ni mdogo. Gesi inayowaka ndani ya silinda hupita nyuzi 1,500, ilhali ukuta wa silinda unapozwa na maji na joto lake ni sehemu ndogo tu ya hilo. Chembe iliyosimama katikati ya tofauti kubwa namna hiyo inagongwa kwa nguvu zaidi na molekuli za upande wa moto kuliko za upande wa baridi, basi inasukumwa kuelekea ukutani. Na ukuta huo hauko mkavu. Una utando mwembamba wa oili, ambao usipokuwapo pistoni itakwama. Chembe inatua kwenye utando, ringi inashuka na kuukwangua, oili inarudi kwenye sampu ikiwa na mzigo wake. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huwasha kila silinda mara 1,000 katika dakika hiyo. Kwa hiyo hata injini iliyotoka kiwandani juzi, yenye ringi zisizo na dosari, itatia oili weusi. Yule anayeambiwa afungue injini kwa sababu tu kijiti ni cheusi anaambiwa alipie jambo ambalo injini mpya pia ingelifanya.

Bado kuna swali la kasi. Inawezekanaje oili iliyotiwa asubuhi iwe nyeusi kabla ya jua kuchwa? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Chukua injini inayobeba lita 7, na tuseme oili ya zamani ilikuwa na masizi asilimia 2 ilipomwagwa, kiwango ambacho injini nyingi hukistahimili. Plagi ya sampu inafunguliwa, oili inatiririka, inabaki kudondoka, fundi anafunga. Lakini si yote iliyotoka. Nyingine imebaki kwenye vijia ndani ya chuma, kwenye kipozeo cha oili, juu ya kichwa cha silinda, na kwenye filta ikiwa haikubadilishwa. Tuseme imebaki nusu lita tu. Ukijaza oili mpya na kuwasha gari, nusu lita ile inachanganyika na lita sita na nusu, na ndani ya dakika chache injini nzima ina masizi kama asilimia 0.14. Kwa uzito, hizo ni gramu nane na nusu hivi ndani ya kilo sita za oili. Ni kidogo mno kuweza kuidhuru injini, lakini ni nyingi mno kwa jicho. Chembe moja moja ya masizi ina upana wa nanomita 20 hadi 50, na hata zikishikana katika vikundi bado vikundi hivyo hupimwa kwa mamia machache ya nanomita. Kitu kilichogawanyika hivyo kina uso mkubwa ajabu: gramu moja inaweza kuwa na mita za mraba kama mia moja. Gramu zetu nane na nusu, zikitandazwa, zingefunika karibu ploti mbili za futi hamsini kwa mia. Kaboni nayo hunyonya mwanga wa rangi zote bila kuchagua. Jicho la binadamu basi linafikia mwisho wa uwezo wake mapema sana. Kati ya asilimia 0.2 na asilimia 3 haliwezi tena kutofautisha, ilhali tofauti hiyo ndiyo yenye maana kwa injini.

Hapo pia tunapata jibu kwa wale wanaodhani filta mpya ingepaswa kuizuia rangi. Karatasi ya filta ya kawaida imetengenezwa kunasa vipande vya chuma na vumbi vya maikromita kumi, ishirini na zaidi. Chembe ya masizi iliyotawanyika vizuri ni ndogo kuliko hapo kwa mara mia au zaidi. Inapita bila kusimamishwa, na ni heri ipite: siku masizi yatakapoanza kunaswa na filta kwa wingi, maana yake ni kwamba yameanza kushikana mabonge, na filta itaziba, vali ya dharura itafunguka, na oili itaanza kuzunguka bila kuchujwa kabisa.

Ni nini basi kinachoyazuia yasishikane? Hiki ndicho kiini cha mhadhara, na ndicho ambacho rangi haiwezi kukionyesha. Oili inayouzwa dukani si mafuta matupu. Ni mafuta ya msingi yaliyotiwa viongezi, na kwa injini ya dizeli viongezi viwili vinabeba kazi hii. Kimoja ni kisafishaji, chenye chumvi za kalsiamu au magnesiamu, kinachoweka chuma safi na kuua asidi. Cha pili ni kitawanyishi: molekuli ndefu yenye kichwa kinachopenda kushika masizi na mkia unaopenda oili. Vichwa vinaizunguka chembe, mikia inabaki nje, na chembe mbili zikikaribiana mikia hiyo inazitenganisha. Masizi yanabaki yakielea, moja moja, hadi siku ya kumwagwa. Oili inayofanya kazi hiyo vizuri ni lazima iwe nyeusi. Masizi ambayo hayamo ndani ya oili hayajatoweka. Yako mahali pengine, yameganda chini ya sampu, yameziba mfereji wa ringi, yamejazana kwenye kichujio cha pampu.

Historia inathibitisha jambo hili kwa uwazi kuliko nadharia. Katika miaka ya 1930, Caterpillar ilipoanza kuuza matrekta ya dizeli, oili za wakati ule hazikuwa na visafishaji, na ringi zikawa zinaganda kwenye pistoni kwa kaboni. Kampuni hiyo ilishirikiana na watengenezaji wa mafuta kutafuta dawa, na hapo ndipo oili zenye viongezi vya usafi zilipozaliwa. Tangu hapo, kila daraja jipya la oili ya dizeli limeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya masizi. Herufi unazoziona kwenye mtungi, zile za Taasisi ya Petroli ya Marekani, zinasimulia kisa hicho: CF-4 mwaka 1990, CG-4 mwaka 1995, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, CK-4 mwishoni mwa 2016. Ili oili ipate cheo cha CG-4 ilibidi ipitie jaribio liitwalo Mack T-8, ambamo injini inaendeshwa makusudi hadi oili ijae masizi asilimia 3.8, kisha inapimwa imekuwa nzito kiasi gani. Hakuna anayeuliza imekuwa nyeusi kiasi gani. Wahandisi wanachukulia weusi kuwa jambo la kawaida, wanauliza kama oili bado inapita.

Sasa yule mtu niliyeahidi kumfikia: mwenye kuuza oili bandia. Fikiri ungekuwa wewe. Una mafuta ya msingi ya bei nafuu, au oili iliyotumika ikachujwa na kung'arishwa, una mitungi mitupu yenye nembo za watu, na mashine ya kufunga vifuniko. Unachohitaji ni mteja anayepima ubora kwa macho. Rangi ya dhahabu ni kitu rahisi kupata. Viongezi ndivyo ghali, na haviko peupe. Tena mafuta yasiyo na kitawanyishi huenda yakabaki na rangi ya kupendeza kwenye kijiti kwa muda mrefu kidogo, kwa kuwa masizi yanatua chini badala ya kuelea. Mteja anafurahi, anarudi, anawaambia wenzake kwamba kwa duka lile oili "haichafuki." Wakati huohuo aliyeuza oili halali ya CI-4 anarudishiwa mtungi na kutukanwa kwa sababu ilibadilika rangi ndani ya siku mbili. Kenya ina Sheria ya Bidhaa Bandia tangu 2008, na shirika la viwango, KEBS, lina alama zake kwenye bidhaa. Alama hizo hazitoshi maadamu mnunuzi anaendelea kumsaidia mghushi kwa kuuliza swali ambalo mghushi analiweza. Ushahidi wa mtungi ni daraja lililoandikwa, kifuniko, namba ya toleo, risiti na sifa ya duka. Weusi wa baadaye si ushahidi dhidi ya mwenye duka.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la mafuta: "Dizeli yetu ni chafu, ndiyo maana." Pingamizi hili lilikuwa na nguvu zaidi zamani, na hata wakati huo lililenga mahali pasipo sahihi. Hadi Septemba 2013 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kikifanya kazi. Kilipofungwa, nchi ikabaki kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini salfa haitengenezi masizi yanayoitia oili weusi. Salfa hutengeneza asidi, nayo asidi humaliza akiba ya kisafishaji bila kubadilisha rangi. Kwa maneno mengine, dizeli ilipokuwa na salfa nyingi oili iliweza kuchoka mapema kuliko ilivyoonekana, na sasa inaweza kuonekana imechoka kabla haijachoka. Na kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli? Serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri, kwa hiyo yanaumiza pampu na nozeli. Nozeli iliyoumia ndiyo inayoongeza masizi, baadaye. Mafuta ya taa yenyewe hayatii oili wino.

Pingamizi la pili lina haki zaidi, nami sitaki kulipita haraka. Mtu atasema: gari langu nalijua, zamani oili ilifika kilomita elfu moja kabla ya kuwa nyeusi kabisa, sasa ni kilomita hamsini. Je, hilo nalo halina maana? Lina maana. Rangi ya siku moja ni shahidi dhaifu, lakini mabadiliko ya kasi katika gari lilelile, kwa oili ileile na njia ileile, ni habari. Yanaweza kumaanisha nozeli inayodondosha badala ya kupuliza, tabo inayovujisha hewa, au njia ya kurudisha moshi kwenye hewa ya kuingilia iliyojaa kaboni. Mara nyingi ni filta ya hewa tu, maana vumbi jekundu la barabara zetu za ndani haliihurumii. Mwinuko nao una neno lake. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 15 au zaidi kidogo likilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na tabo, yenye pampu ya zamani iliyowekwa kwa hewa ya pwani, inapokea mafuta yaleyale na hewa pungufu kila inapopanda mlima na mzigo. Tofauti hiyo inatoka kwa bomba la moshi kama wingu jeusi, na mgawo wake unaingia kwenye oili. Lakini angalia: kila mojawapo ya hitilafu hizi ina ushahidi ulio bora kuliko rangi ya kijiti. Moshi unaonekana. Mafuta yanaisha haraka. Nguvu inapungua mlimani. Fundi anayeanzia huko atapata ugonjwa. Anayeanzia kwenye kidole gumba atamwaga oili nzuri na kuuacha ugonjwa palepale.

Wengine watauliza mbona dizeli za kisasa, zenye reli ya pamoja na shinikizo la zaidi ya baa elfu moja, nazo hutia oili weusi. Ni kweli zinapuliza ukungu laini zaidi. Ila sheria za moshi za Ulaya na Japani zimezilazimisha kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza oksidi za nitrojeni, na moshi uliorudi unapunguza oksijeni, kwa hiyo masizi yanaongezeka tena. Kilichopatikana kwa nozeli kimeliwa na vali ya kurudisha moshi. Kuna pia hatari mpya ambayo haihusiani na rangi hata kidogo. Magari yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi huchoma masizi hayo mara kwa mara kwa kupuliza mafuta ya ziada, na sehemu ya mafuta hayo hutelemka ukutani hadi kwenye sampu. Safari zikiwa fupi, uchomaji unakatizwa, unaanza upya, na oili inazidi kuchanganyika na dizeli. Oili haipungui; inapanda. Ndiyo maana kijiti cha Mazda CX-5 ya dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: ikifika hapo, imwagwe. Watengenezaji wamechonga alama za kiwango kwenye vijiti vyao tangu zamani. Wa kuchonga rangi hayupo.

Hilo linatufikisha kwa pingamizi la tatu, ambalo ni la kweli kabisa: mwalimu, ukitunyang'anya rangi, tupime kwa nini? Kwanza kwa saa, hata kama gari halina kipima saa. Desturi ya kumwaga oili kila kilomita 5,000 inadhani kilomita zote ni sawa. Matatu inayopanda barabara kuu ya Thika hadi Nairobi na kurudi, kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hufikisha kilomita 5,000 baada ya saa 100 za kazi. Ile inayozunguka mitaani, ikisimama stejini na injini inanguruma kusubiri abiria, ikiwa na wastani wa kilomita 12 kwa saa, hufikisha kilomita hizohizo baada ya saa zaidi ya 400. Trekta nyingi zina maelekezo ya kumwagwa oili kila saa 250. Kwa kipimo hicho, matatu ya kwanza ingeweza kusubiri na ya pili imechelewa sana, ingawa vijiti vyao vyote viwili ni vyeusi sawasawa. Tena injini inayonguruma bila mzigo haipati joto la kutosha. Maji na mafuta mabichi yanabaki ndani ya oili badala ya kuvukizwa. Sacco inayoweka kumbukumbu za safari kwa siku inaweza kukadiria saa hizi bila kununua kifaa chochote.

Pili, kwa karatasi. Weka tone moja la oili ya moto kutoka kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, ilaze mahali tambarare, uiache hadi kesho. Oili yenye kitawanyishi hai itasambaza masizi kutoka katikati hadi ukingoni kwa kijivu kinachopungua polepole. Oili iliyochoka itaacha doa zito jeusi katikati lenye ukingo mkali, na duara la mafuta matupu kulizunguka, kwa sababu masizi yameshikana na hayawezi tena kusafiri. Duara jepesi la nje lenye kunuka dizeli linaonyesha mafuta yameingia. Jaribio hili si mahakama ya rufaa. Maabara inayopima uzito wa oili, akiba ya kuua asidi, chuma na silikoni ya vumbi inajua zaidi, na kwa mwenye malori kumi gharama yake ni ndogo kuliko injini moja. Lakini linauliza swali sahihi. Tatu, kwa kiwango na sura: oili iliyopanda, oili iliyoshuka kwa ghafla, oili yenye utando wa maziwa unaoonyesha maji ya radieta yamepita gaskiti, vimeremeta vya chuma kwenye beseni, oili iliyokuwa nzito kama lami asubuhi. Yoyote kati ya hizi inastahili hofu ambayo weusi mtupu haustahili.

Mafundi nao wana pingamizi lao, na kwa haki linapaswa kusikilizwa. Wanasema: ukimwambia mteja oili nyeusi ingali nzuri, ataacha kuimwaga kabisa, atafika kilomita 20,000, injini itakufa, na lawama itanirudia. Hatari hiyo ipo. Mtu akisikia kwamba weusi si kosa anaweza kuelewa kwamba hakuna kosa popote. Masizi yakipita uwezo wa kitawanyishi, takriban asilimia 3 kwa magari madogo na zaidi kidogo kwa oili za malori za madaraja mapya, oili inakuwa nzito, inachelewa kufika juu asubuhi, na mabonge yanakwangua utando wa kinga uliowekwa na viongezi vya zinki kwenye kemu na vikono vyake. Anayetia oili ya uzito mmoja, ile SAE 40 ya daraja la zamani inayouzwa kwa bei ya chini, atafika mwisho huo mapema kuliko aliyetia 15W-40 ya CI-4. Lakini tiba ya mteja mvivu si kumpa sababu ya uongo. Sababu ya uongo inafanya kazi hadi siku atakapogundua kwamba oili huwa nyeusi baada ya siku mbili hata hivyo, na siku hiyo ataacha kumwamini fundi kwa yote, pamoja na yale ya kweli. Kadi iliyofungwa chini ya boneti, yenye tarehe, kilomita, daraja la oili na saa zilizokadiriwa, inamlinda fundi kuliko tone kwenye kidole.

Na kidole chenyewe kingefaa kupumzishwa. Masizi ya dizeli hayaji peke yake. Hubeba kampaundi za kaboni zenye pete nyingi, na baadhi yake husababisha saratani. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi lake la kwanza mwaka 2012, na oili iliyotumika hukusanya kampaundi za jamii hiyo kadiri inavyokaa. Fundi anayesugua tone kwa magari kadhaa kwa siku, mwaka baada ya mwaka, anajipaka ngozini kile ambacho injini ilikuwa inajitahidi kukitenga. Oili inayomwagwa mapema bila sababu nayo lazima iende mahali. Sheria zetu zinaihesabu kuwa taka hatari, lakini nyingi inapakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa au inamwagwa nyuma ya gereji, na mvua ya Aprili inaijua njia ya kuteremkia mto Chania. Gereji inayohudumia magari matano ya dizeli kwa siku, kila moja likimwaga lita 7, inazalisha lita 35. Ikiimwaga kila baada ya saa 200 badala ya kila rangi inapobadilika, pipa la lita 210 litachukua muda mrefu zaidi kujaa, na mnunuzi mwenye leseni ya kukusanya oili chafu atalikuta likiwa na kitu kimoja tu ndani yake, bila maji, bila petroli ya kuoshea spea.